Siku Nilienda Kufuta Egzame ya Permi

Bandugu, kicheko munaweza kucheka, ata miye nilichekaka kidogo nyuma ya miaka mingi, lakini mujue haya ya ile siku ingali inanikamata ata nikiwa peke yangu mu jikoni. Jina yangu ni Mujinga. Kwa shiye Baluba ni jina muzuri, mutu anazaliwa nayo (lakini ile siku ilinifaa vile munaisikia ku Kiswahili).

Baba yangu alikuwa shofere wa kamyo ku kazi ya shaba mpaka bakamupumuzisha. Tulikaa Katuba. Hakuzaa mutoto mwanaume, basi njo miye alinikalisha ku volan (usukani) ya Volkswagen yake ya zamani, anifundishe, na bajirani banasimama ku kiyo ya motoka banatuangalia sawa banaangalia sinema. Ku biro ya permi, ile karatasi ya ruhusa ya kuendesha motoka, bakanipa siku ya egzame, Ijumaa. Kisha tumbo ikamuangusha baba, tukamulalisha ku lopitali, na munganga akasema: tutamupasua Ijumaa asubui.

Ijumaa ile ile.

Baba alinikamata mukono, akasema: «Mujinga, usikose egzame. Munganga iko na kazi yake, weye uko na yako.» Nikaitika ndiyo, baba. Lakini mu roho nilisema, hapana, nitakaa ku mulango ya salle ya kupasulia mpaka bamutoshe. Bantu balikuwa banasema mutu akikosa egzame bila kuaga, habamuitake tena, basi Alhamisi asubui nikaamua kwenda mu ville, katikati ya muji, ku biro ya permi, niombe baniwekee siku ingine. Bisi nilingojea mpaka nikachoka. Nikarudi ku nyumba, nikakamata funguo ya Volkswagen.

Mama alikuwa anatwanga sombe. Akaacha mutwangio hewani.

«Unaenda wapi na motoka ya baba yako? Hauna permi!»

«Mama, naenda kule kule kwa benye permi.»

«Kuomba bakupe?»

«Kuomba baiache kwanza.»

Mama akarudia sombe yake. (Mutu anaendesha motoka bila permi, anaenda kuambia benye permi kama hatakuya kuendesha motoka. Leo naona. Ile asubui sikuona kitu.)

Na niliendesha muzuri, bandugu! Nilipita Katuba, nikaingia mu ville, hakuna ata mutu mumoja alinipigia klakson. Biro ilikuwa mu shimo kidogo, barabara inateremuka mpaka mu kiwanja yake, mulango ya chuma wazi. Nafika pale ku mulango, filimbi inalia: bendera inapanda. Benye kuishi ile wakati banajua. Filimbi ikilia, kila mutu anasimama kule iko, ata mama mwenye kubeba mufuko ya makala ku kichwa, na mwenye motoka anashuka, anasimama kando, mikono chini. Nikazima motere, nikashuka mbio, nikasimama wima. Freni ya mukono sikuivuta.

Nilisikia kokoto zinalia pole pole. Nikageuza macho tu, kichwa hapana. Volkswagen ya baba ilikuwa inaenda peke yake, bila haraka, sawa mama muzee anaenda ku misa, na mbele yake bacitoyen ba biro (ile wakati njo vile balitulazimisha kuitana) mu mistari, banaimba, macho juu. Benye kuwa kando baliiona. Hakuna mutu alitikisika. Hakuna mutu alipiga kelele. Na miye mwenyewe, mwenye motoka, nilibakia palepale nafungua kinywa naimba, juu nilikuwa na woga ya ile bendera kupita woga ya kila kitu. Mustari wa nyuma bakaimba mpaka motoka ikabagusa miguu, njo bakatawanyika sawa kuku. Ikaenda moja kwa moja, ikapiga mulingoti. Mulingoti ikainama, kamba ikakatika, na bendera ikashuka ikafunika kiyo ya mbele.

Mukubwa wa biro, na abacost yake, ile koti ya bakubwa bila tai, ya kupigwa pasi, akakuya mpaka mbele yangu.

«Citoyenne, nani alikutuma?»

«Hakuna, citoyen. Nilikuya kufuta egzame ya permi.»

Mutu mumoja nyuma akacheka. Mukubwa akageuka: «Mwenye kucheka ataenda naye.» Kicheko ikafa. Askari bakanikamata mikono.

Mu kasho, kule balinifungia, kila mutu mwenye kupita nilimuambia: baba iko ku lopitali, banamupasua kesho. Mumoja akanijibu: «Ungefikiri baba yako mbele ya kuangusha bendera ya inchi.» Ijumaa ikapita, nasikia tu magari inje. Balinitosha Jumamosi, kisha ndugu ya mama kuomba sana, kupiga magoti, muzee muzima.

Nilikimbia mpaka ku lopitali. Ku kitanda ya baba kulikuwa mutu mungine, anakula bukari.

Ku nyumba nilikuta bamama banakaa chini, kilio imekwisha anza. Mama akanivuta kando, akanisemea mu sikio, sauti yote ilikwisha juu ya kulia.

«Mbele ya kumuingiza mu salle alikuuliza. Aliangalia mulango, akauliza tena. Nikamuambia uko ku egzame. Akaambia banganga: mutoto wangu, saa hii iko ku volan. Akacheka. Njo akaingia.»

Ile furaha yake ilikuwa ya uongo, na njo kitu ya mwisho tulimupa.

Permi sikuitafuta tena. Na munisikilize, bandugu: mukiwa na mugonjwa na mukiwa na rendez-vous, siku ya kuitwa pahali, musiende kuaga rendez-vous. Ikoseni tu, munyamaze, mukae pale. Rendez-vous haina macho ya kuangalia mulango.