Kipima Ulevi Kilichochukua Kazi ya Mke

Jumapili iliyopita asubuhi, hapa Ipuli, jirani yangu alisimama kando ya gari lake akipuliza kidude kipya cha kupima ulevi. Jana yake alikunywa wanzuki, ile pombe ya asali, kwenye harusi kule Itetemia. Kidude kikasoma sifuri. Akaomba funguo.

Mkewe alikuwa amezibana kifuani. Miaka yote yeye ndiye aliyemnusa mdomo kabla ya kumruhusu kuendesha.

"Hicho kidude kimekujua lini?"

"Mke wangu, mashine haikosei."

"Basi ikupikie na uji."

Jirani akakitia mfukoni, akainama, akampumulia usoni taratibu. Mkewe akafumba macho, akanusa kwa muda mrefu kuliko ulevi wowote unavyohitaji.

"Nenda," akasema. "Ila hicho kidude kiache hapa."

Mimi, upande wa pili wa ua, nilicheka: mtu mzima kukionea wivu kidude. Kisha nikaingia ndani. Na mimi nilikuwa kwenye harusi ile. Funguo zangu zilikuwa mezani palepale nilipoziacha, na hakuna aliyetaka kuninusa.