Mboni Iliyotulia

Wanafunzi walimwita Mama Mboni, ingawa mbele yake walisema Dokta. Jina lilimkaa. Kazi yake chuoni ilikuwa kupima jinsi kompyuta zinavyowaelemea watu. Alimketisha mtu mbele ya skrini, akampa kazi, na kamera ndogo ikawa inaitazama mboni ya jicho lake. Akili ikibeba mzigo mzito, mboni hutanuka. Mzigo ukipungua, husinyaa. Ndugu zake hawakuwahi kuielewa kazi hiyo. Mjomba wake aliwatangazia watu kwamba mpwa wake ni daktari wa macho, na kwa miaka mingi majirani walimbishia hodi na macho mekundu, naye akawa anawaelekeza hospitali.

Yote yalianza na mama yake mzazi, aliyekuwa karani wa dirisha la malipo. Mama huyo alijumlisha hesabu kichwani huku akipiga soga. Kisha ofisi ikaletewa kompyuta. Binti alipotoka shule alipitia pale na kukaa kwenye benchi kumsubiri, na kutoka benchi hilo aliona kila kitu: foleni inarefuka, vidirisha vinafunguka juu ya vidirisha, mama anahangaika, anabonyeza huku, anabonyeza kule. Halafu kuna mahali alifika akaweka mikono mapajani, akatulia. Uso ulikuwa shwari kama wa mtu anayesubiri chai. Mkuu wa ofisi akasema, mwanamke huyu hata hajali. Haukupita muda akahamishiwa stoo kupanga mafaili.

Ndivyo dunia ilivyozoea, na ni aibu: chombo kikiwa kibovu, analaumiwa aliyekishika. Waliotengeneza mashine ile hawakuwahi kukaa dirishani hata asubuhi moja. Binti aliapa moyoni kwamba atawatetea watu wa madirishani, na akasoma mpaka kusoma kukaisha.

Mtu mwenye moyo wa namna hiyo ungedhani hana nafasi ya wivu. Alikuwa nayo, tena pana, na ndani yake alikaa mtu mmoja tu: wifi yake.

Wifi huyo, dada mdogo wa mumewe, alikuja chuoni kusomea ubunifu. Mama Mboni ndiye aliyempokea, akampa kitanda chumba cha watoto, akamwingiza maabara na kumfundisha kubuni skrini. Mwanafunzi akaiva upesi mno. Alikuwa na mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Akiingia kikaoni, watu walivuta viti karibu. Gazeti lilipokuja kuandika habari za maabara, mpiga picha alimwomba Mama Mboni asogee kidogo, eti mwanga. Picha ilipotoka, kilichobaki chake ni bega. Mume akaikata picha, akaitia fremu, akaitundika sebuleni. Cheti cha uzamivu cha mkewe kilikuwa juu ya kabati, ndani ya bahasha, tangu walipohamia nyumba ile.

"Lakini bega limetoka vizuri," mume alisema, akidhani anatania. Siku hiyo alijipakulia chakula mwenyewe.

Wivu wa Mama Mboni haukuwa na kelele. Alijua tu nani kamsalimu wifi kabla yake, nani kacheka utani wa nani, na kila sifa aliyopewa yule ilikuwa kama imechomolewa mfukoni mwake.

Ndipo chumba cha simu za dharura kikahitaji skrini mpya. Wapokea simu walikuwa wanachanganya anwani, magari ya wagonjwa yanafika nyumba isiyo yenyewe. Maabara ikapeleka michoro miwili. Wa Mama Mboni, uliotokana na wazo alilolihangaikia miaka na miaka, uliweka yote mahali pamoja: ramani, magari, maswali, simu zinazosubiri. Wa wifi uliuliza swali moja, ukajibiwa, ukaleta jingine. Mama Mboni aliuita skrini ya chekechea.

"Yako, wifi," yule akamjibu mbele za watu, "mtu anahitaji ramani ya kuisomea ramani."

Watu walicheka. Mama Mboni naye alicheka, kwa meno tu.

Wapokea simu waliletwa maabara wakajaribu michoro yote miwili kwa simu za kuigiza. Kusoma vipimo ilikuwa kazi ya Mama Mboni, na wifi, aliyemwamini, hakuuliza lolote. Majibu yalipotoka, Mama Mboni alifunga mlango wa ofisi akacheza peke yake. Simu zilipomiminika, kwenye skrini ya wifi mboni zilitanuka. Kwenye yake zilisinyaa, zikatulia. Mzigo mwepesi!

Jumapili aliitangaza habari hiyo mezani kwa mama mkwe. Mama mkwe akatoa hongera kwa sauti ya mtu aliyetia chumvi kwenye chai. Wifi aliinuka, akamkumbatia, akamwambia umenigaragaza, nipe siku mbili nilie kisha unifundishe. Hilo nalo likamchoma Mama Mboni. Hata kushindwa, yule alikuwa anakujua.

Asubuhi ya kikao cha jopo la kuchagua mchoro, alikaa ofisini kutafuta kipande cha video ya majaribio cha kulionyesha jopo hilo. Alimchagua mpokea simu ambaye mboni zake zilitulia kuliko za wote, baba mmoja mnene mwenye sauti ya redio. Akatazama. Simu zikaongezeka. Macho ya yule baba yakakimbia kutoka ramani kwenda magari, kutoka magari kwenda orodha. Kisha yakasimama. Spika ikaita, sauti ya kuigiza ikasema mtoto hapumui, na yule baba akaweka mikono mapajani na kuitazama skrini kama mtu anayetazama mvua dirishani.

Mama Mboni akaisimamisha video. Mikono ile aliijua.

Kila mwaka aliwafundisha wanafunzi jambo hili: mzigo ukizidi kabisa, mbebaji huutua, na mboni yake husinyaa kama ya aliyepumzika. Kwa hiyo usisome mboni peke yake. Tazama pia kazi iliyoachwa. Naye safari hii hakuitazama. Simu zilizoachwa bila kupokewa alizitenga kando, akajiambia si ndizo tunazopima. Sasa aliziweka sambamba na vipimo vya mboni. Kwenye skrini yake zilikuwa nyingi mno. Kwenye ile ya chekechea karibu zote zilipokewa, na mboni zilitanuka kwa sababu watu walikuwa bado wanafanya kazi.

Angenyamaza, nani angejua? Aliifunga video. Alifikiria makofi ya jopo, akalifikiria bega lake kwenye fremu. Akaifungua tena video, na yule baba alikuwa pale pale, mikono mapajani.

Kikaoni aliionyesha yote bila kukata. "Huyu hajapumzika," aliwaambia. "Huyu amekata tamaa, na skrini yangu ndiyo iliyomfikisha hapo." Akawaeleza hesabu za simu zilizoachwa, akapendekeza mchoro wa wifi yake, akaketi. Makofi yalipigwa, na hayakuwa yake.

Wifi alimfuata kwenye korido, macho yamemlowa.

"Wifi, ungenyamaza nisingejua kabisa."

"Najua usingejua," Mama Mboni alisema. "Ndicho kinachoniudhi. Umenishinda, na bila mimi hata habari ya kwamba umenishinda usingekuwa nayo. Sasa kaa na hilo."

Wifi alimtazama, kicheko kikamtoka kabla machozi hayajakauka. "Mungu wangu. Hata ukweli unausema kwa wivu."

"Si nimeusema?"

Alipofika nyumbani, mume alikuwa kwenye simu na mama yake, anamsifu dada mtu. Mama Mboni hakumkatiza. Alivuta kiti, akashusha bahasha kutoka juu ya kabati, akatafuta fremu na nyundo. Mume akakata simu, akauliza amsaidie nini.

"Shika kiti."

Akapigilia msumari, akatundika cheti chake juu kidogo ya picha ya wifi. Akashuka, akarudi nyuma akaangalia. Kisha akamwambia mume asiachie kiti bado, akapanda tena, akaung'oa msumari na kuupandisha juu zaidi.