Diski D Imejaa

Katika ofisi ya ardhi ya mji ule mdogo wa pwani ya Java, hata mfagizi anajua kwamba ramani haziwekwi diski C. Kompyuta ikileta ukaidi, fundi Gito huja na chai yake ya barafu, akaifuta C yote, akaipanga upya, akaenda zake. D haigusi.

Wuryani, mpimaji wa hapo, alilijua hilo vizuri. Ila D ya kompyuta yake ilikuwa imejaa Tarjono. Marehemu mumewe ndiye aliyeitumia kabla yake, na humo alirundika video zake akiimba kwenye harusi za watu, kavaa koti la kuazima, jasho linamchuruzika. Tangu azikwe, Wuryani hakufungua hata moja. Msibani hakulia, na baadaye hakulia. Anakula, analala, anakuja kazini. Ganzi tupu, jamani.

Siku ya kuanzisha hifadhidata ya ramani za vijiji, programu ikamuuliza faili zikae wapi. Gito akachungulia.

"D, Mbak Wur, dada yangu. Hilo nalo la kufikiria?"

"Imejaa."

"Si zile nyimbo za Pak Tarjono! Mwenyewe alijua hana sauti, Mungu amrehemu. Zihamishie kwenye flashi, kahawa haijapoa umemaliza."

"Nitazihamisha."

Flashi alikuwa nayo mkobani. Lakini kuzihamisha ni kuzishika, kusoma jina la kila wimbo. Mkono ukakataa. Kwenye kisanduku cha jibu, C ilikuwa imeshajiandika yenyewe. Akaiacha, akabonyeza endelea, akajiambia kesho atarekebisha. Kesho gani, mama wee!

Wakapima kijiji kizima, wakaingiza mashamba yote humo. Mvua zilipoanza kompyuta ikagoma, na kabla hata nakala moja haijatolewa, Gito akaja, akaifuta C kama ada yake. Mkuu wa ofisi, mwanamama, alifoka mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Wuryani akaitikia, "Ndiyo, Bu," akatumwa kwenda kupima upya.

Kule alimkuta kikongwe Mbah Sumirah kasimama ukingoni mwa shamba lake la mpunga. Yeye na kaka yake Kasan walikuwa wamenuniana tangu ujana kwa ajili ya mpaka. Siku ya upimaji wa kwanza Kasan alilainika, akachomeka kigingi cha mwanzi kwa mkono wake, wakala pamoja tempe ya soya iliyokaangwa. Sasa Kasan amekufa, na wanawe wameking'oa kigingi.

"Waonyeshe ile ramani, mwanangu," bibi akasema. "Kaka yangu alisema mbele yenu."

"Imefutika, Mbah."

"Imefutika? Na Kasan nitamtoa wapi aje aseme tena?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema. Huu ulimkalia Wuryani kifuani, wa kwanza tangu msiba. Angeweza kuisingizia kompyuta, na bibi angeamini.

"Ni mimi, Mbah. Palikuwa na nafasi moja salama. Nikamwekea marehemu mume wangu, sauti yake. Wako nikampoteza."

Mbah Sumirah hakufoka.

"Haya. Na huyo wako anasemaje?"

"Sijui, Mbah," Wuryani akasema. "Sijawahi kumsikiliza."