Gitaa Lililonukia Udi

Nimekana miaka mingi, lakini ni kweli: mimi, mwenye shahada, nililala nimekumbatia gitaa la umeme la Korea, nililonunua mtumba huko Muyeye, kwa sababu lilinukia udi.

"Mwanamume anayefukiza gitaa lake, mkewe atamwenzi vipi?" nilimwuliza shoga yangu Mwanaisha, macho nimeyafumba.

"Mtafute basi, mwali mkongwe wee!"

Muuzaji akanipa nambari ya simu ya mwenyewe wa zamani, yuko Kilifi. Nikajifunga leso mpya, kana kwamba simu ina macho, nikapiga. Akapokea mwanamke. Nikausifia ule udi kwa sauti laini.

"Udi? Paka alilikojolea, nikalifukiza mimi. Na wewe, dada, gitaa la mume wangu walinusia nini?"