Vyeti vya Paka Wawili

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba cha uani Handeni, kwenye nyumba ya mama mmoja mjane na binti yake, mwalimu wa shule ya msingi. Nilifika kwa biashara ya machungwa. Msimu ulipoisha nikabaki, kwa sababu pikipiki yangu ilikuwa inapata abiria na mama mwenye nyumba alikuwa hodari wa kupika kisamvu. Kabla ya hapo nilishapakia mkonge Korogwe, nilishauza mahindi ya kuchoma kwenye madirisha ya mabasi pale Mombo, na shule niliiacha darasa la sita kwa kutaka kujua lori za Segera huwa zinakwenda wapi. Nilichokosa darasani nilikitafuta kwa kuuliza watu maswali, na watu wengi, ukiwauliza kazi yao inafanywaje, hawachoki kukueleza.

Mume wa mwalimu alikuwa Ujerumani, akiendesha lori. Viza ya mkewe ilikuwa imetoka. Kilichobaki ni paka wawili, mmoja mweusi mwenye kifua cheupe na mmoja wa mistari, ambao mwalimu aliwaokota kwenye stoo ya shule wakiwa hawajafungua macho, akawanywesha maziwa kwa bomba la sindano. Alisema bila wao haendi. Mama yake alisema asipoenda ndoa itabaki ya kwenye simu. Kwa hiyo nyumba nzima ikawa na kazi moja, paka wapate karatasi.

Jambo moja lilikuwa wazi kwa kila aliyeingia pale. Mwalimu ndiye aliyewaokota, lakini waliyemsikiliza ni mama. Aliwalalamikia mchana kutwa kwamba wanakula dagaa kama watu wanaolipa kodi, na alipolalamika aliwasemesha Kizigua, nao wakamfuata hadi jikoni. Mtu mwingine akiwashika walitoa kucha. Nina alama moja mkononi hadi leo.

Tulikodi gari dogo la jirani, paka tukawatia kwenye tenga la kuku, tukaenda Korogwe kwa daktari wa mifugo ambaye mwalimu alikuwa amezungumza naye. Mimi hakuna aliyenihitaji. Niliomba kwenda, nikasema nitabeba tenga.

Nje ya ofisi walikaa wafugaji wakisubiri dawa za kupe. Mzee mmoja wa Kimasai alichungulia ndani ya tenga, akauliza hawa wanaumwa nini. Nikamweleza kwamba hawaumwi, wanasafiri kwenda Ulaya. Akachungulia tena, akasema, "Ng'ombe wangu nikitaka kumvusha wilaya tu nahangaikia kibali. Huyu anakwenda Ulaya amelala?"

"Na yeye anahangaikia kibali, mzee," mama akamjibu. "Ila yeye ana watumishi watatu."

Daktari alikuwa mtu wa makamo mwenye buti za mpira. Alimwamkia mama, akatuambia kwamba amechanja ng'ombe na mbwa wasiohesabika, lakini paka wa kwenda nje hawa ni wa kwanza kwake, kwa hiyo amesoma masharti mara mbili. Mwalimu akatoa kadi mbili za chanjo ya kichaa cha mbwa kwa fahari. Siku ile wataalamu walipokuja kuchanja mbwa wa kata bure, yeye alipanga foleni na paka wake katikati ya mbwa wanaobweka, watu wakimcheka.

Daktari alizisoma kadi, akazirudisha taratibu. Alieleza kwamba chanjo ni nzuri na inawakinga paka, ila kwa safari hii haihesabiki. Paka anatakiwa kwanza awekwe chipu chini ya ngozi, ndipo achanjwe, ili chanjo iandikwe kwenye namba ya chipu. Aliyechanjwa kabla ya chipu anahesabika kama hajachanjwa. Baada ya chanjo mpya inasubiriwa kama mwezi, damu inatolewa na kupelekwa maabara ya nje. Damu ikionekana ina kinga ya kutosha, bado inasubiriwa miezi mitatu tangu siku ilipotolewa.

Mwalimu alikaa kwenye benchi. Tiketi alikuwa ameshakata. Nikamsikia akimpigia mumewe, na kutokana na majibu yake nikajua upande wa pili unasema nini: waache hao, paka wamejaa huku. Machozi yakamtoka. Mama akaomba simu, akasalimiana na mkwewe vizuri, akamuuliza habari za baridi, kisha akamwambia asubiri, kwani mke si kifurushi cha basi. Akakata.

Mume alikuwa mwema, hakununa. Tiketi ilisogezwa mbele, chipu na mashine ya kuzisomea akazituma kwa msafiri. Kifurushi nilikipokea mimi Segera, kwenye basi lililotoka Dar, na nilisimama palepale njia panda nikakifungua kwa hamu. Chipu ina ukubwa wa punje ya mchele. Nilishangaa sana kwamba punje ile ndiyo itakayomtambulisha paka mbele ya serikali ya watu.

Siku ya chipu mama aliwafunga paka kwenye kanga mmojammoja, vichwa tu nje, kama watoto wachanga, akawapakata na kuwasemesha Kizigua huku sindano ikiingia. Mwalimu aligeuza uso ukutani. Daktari alipitisha mashine juu ya shingo ya yule mweusi, ikalia, namba ndefu ikatokea, ndipo akamchanja upya.

"Nipitishie na mimi," mama akasema, "tuone kama nasomeka."

Daktari akaipitisha begani kwake. Haikulia. Tulicheka wote, lakini njiani kurudi nilianza kufikiria jambo ambalo sikuwa nimeliwaza. Bila mikono yake hakuna paka ambaye angechanjwa, wala kutolewa damu. Kila karatasi iliyopatikana, yeye ndiye aliyewashika paka. Na kila karatasi ilipunguza mtu mmoja na paka wawili katika nyumba yake.

Siku ya damu alifanya vilevile. Majibu yalirudi mazuri. Miezi mitatu ikaanza, nayo ilikuwa miezi ya furaha pale nyumbani, nasema ukweli. Mwalimu alipalilia mahindi pamoja na mama yake. Jioni walichambua mchele uani, paka wakilala kwenye ungo uliokwisha kazi. Sikuwahi kusikia mama akihesabu muda uliobaki.

Safari ilipokaribia, kibali cha kutoa wanyama nchini kikapatikana kwa mtandao, tukarudi Korogwe kwa cheti cha afya. Daktari aliwapima paka mikononi mwa mama, akasoma chipu, akakaa mezani. Hapo mwalimu, ambaye nadhani alikuwa hajalala, akamgusa mama yake bega akasema anaweza kumwachia mmoja. Yule wa mistari, anayempenda zaidi.

Kalamu ya daktari ikasimama.

"Mama, niandike wangapi?"

Mama alimtazama yule wa mistari ndani ya kanga. Nilidhani atakubali. Mimi ningekubali.

"Andika wawili," akasema. Kisha akamgeukia binti yake. "Mimi nikikohoa usiku, majirani watatu wanagonga mlango. Wewe kule mumeo akiwa barabarani utakohoa na nani?"

Mwalimu alilia pale ofisini. Daktari akaandika wawili, akagonga mhuri.

Tuliwasindikiza hadi Segera, paka wakiwa kwenye kasha la plastiki lenye matundu. Kurudi, tenga la kuku lilikuwa tupu kwenye kiti cha nyuma na halikuacha kugongagonga mlango. Mama aliniambia nilishike.

Nilikuwa nimepanga kuondoka wiki ile kwenda Mombo. Nikaahirisha, bila kumwambia mtu sababu. Usiku wa tatu simu ilipigwa. Mwalimu alisema wamefika salama, mume yuko safarini na lori, na paka wameingia chini ya kitanda tangu jana, hawali.

"Weka simu sakafuni," mama akamwagiza.

Akaanza kulalamika kwa Kizigua, kwa sauti ileile ya jikoni. Sikuelewa yote, lakini dagaa walitajwa. Alilalamika muda mrefu, simu ameishika kwa mikono miwili. Baadaye mwalimu akasema, kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kumshtua kuku aliyeatamia, kwamba yule wa mistari ametoka.

"Anakula?"

"Anakula."

"Mwenzake atamfuata," mama akasema. "Na wewe, umekula?"