Kontrola Niliyomfungia Shemeji

Aliyemuua mtoto wa dada yangu ni mimi. Nyumbani wanajua ni petroli mbaya.

Mimi ni fundi wa magari hapa Ifakara. Dada yangu mdogo ameolewa na Msukuma mmoja wa Mlimba, mfugaji aliyeuza ng'ombe akanunua gari la kubebea abiria lenye tabo, ile feni inayosukumia injini hewa ya ziada. Likijaa watu linakosa nguvu, akaniletea.

Tukakubaliana nibadilishe kontrola, kile kiboksi kinachoamua injini inywe mafuta kiasi gani. Fundi mwenzangu wa Morogoro alinishauri nichukue ya kuseti kwa laptop, inayokuja na kifaa cha kupima moshi kwenye ekzosi, ili nione kama mafuta yanazidiwa na hewa ya tabo. Nikaona ananichelewesha. Nikachagua isiyo na kifaa hicho, kwa sababu kwenye picha ya tangazo ilionekana ya kisasa. Jamani, picha! Seti zenyewe, yaani vipimo vya mafuta na hewa, nikazitoa mtandaoni, za injini ya mtu mwingine kabisa.

Gari likaruka. Tulilijaribu mpaka Mkula, shemeji anacheka peke yake njia nzima. Yule fundi wa Morogoro akapiga simu kuuliza kama nimepima kabla ya kulibebesha mzigo. Nikamjibu nimepima. Sikuwa nimepima chochote.

Masika yakaingia, dada akashikwa na uchungu. Zahanati wakasema awahishwe Ifakara. Shemeji akamlaza kiti cha nyuma, akakanyaga mafuta. Katikati ya mashamba ya mpunga injini ikagonga, ikazima. Barabara ilikuwa tope tupu, magari hayapiti. Walikaa pale mpaka likatokea trekta. Mtoto alizaliwa kwenye tela na hakulia. Alikuwa wa kike.

Nilipoifungua injini nilikuta pistoni imetoboka. Nilijua hapo hapo: hewa nyingi, mafuta kidogo, moto umekula chuma. Shemeji amesimama pembeni, suruali bado ina matope.

"Ni nini, shemeji? Niambie tu."

"Petroli," nikasema. "Umeuziwa iliyochakachuliwa."

Akaamini. Akaenda kwa mama anayeuza petroli ya chupa pale kwao, akamwambia mbele za watu kwamba amemuulia mwanawe. Watu wakaacha kununua kwake. Nasikia amehama, na sijui nimtafute wapi nimwombe radhi.

Dada akija hapa ananiamkia, "Shikamoo, kaka," nami naitika marahaba kama mtu msafi. Usingizi ulishanikimbia. Gereji nafungua basi tu.

Juzi shemeji kanipigia. Dada ana mimba tena, na yeye amepata injini nyingine, ataileta wiki ijayo. Anataka niifunge mimi, maana fundi mwingine hamwamini. Nilimwambia nitampigia. Sijampigia.

Nyie mafundi wenzangu mnaocheza na laptop kwenye injini za watu, msichague kifaa kwa kutaka sifa, na msitie seti msizozipima. Mwenye gari akikuuliza kilichoharibika, mwambie ukweli siku hiyo hiyo, ukiwa bado una sura ya kumtazama. Mimi nimechelewa, na wiki ijayo analeta injini.