Kifuniko cha Sufuria ya Mwalimu

Nilikuwa jikoni mwa shule moja huku Kigonsera, mwalimu wa kemia akinionyesha sufuria yake. Alikuwa amechoma udongo mweupe, akausaga, akauchanganya na maji na kostiki ya kutengenezea sabuni hadi ukawa uji, kisha akaziba kifuniko kwa udongo na kuiinjika sufuria kwenye moto mdogo.

“Humo ndani uji unajipanga wenyewe kuwa chembe ngumu zenye vitundu, zinaitwa zeolaiti,” alisema. “Zitalainisha maji ya kisima chetu, yanayokataa povu. Ila zisipoe wala zisiguswe mpaka kesho.”

Akaingia katibu kata na wageni wa wilayani.

“Shikamoo mzee,” mwalimu akamwamkia katibu.

“Marahaba. Mwalimu, mnapika nini?”

Mwalimu akaeleza upya, akasihi isifunuliwe.

“Kijiji cha ujamaa hakina chungu cha siri,” katibu akasema, akabandua udongo kwa kisu, akainua kifuniko. Mvuke wote ukatoka. Akachungulia, akawapisha wageni nao wachungulie. “Kumbe uji tu.”

“Kila akija mgeni ni hivi,” mwalimu akaninong’oneza, huku akizitoa kuni motoni.

Tukatoka nje. Lori lilikuwa likishusha familia zilizohamishwa tena, kahawa yao imebaki milimani imeiva. Mama mmoja akamuuliza katibu kwa nini wahamishwe wakati nyumba za kule walikohamishiwa mwaka jana hazijaezekwa.

“Mama,” katibu akamjibu kwa upole, “kule mmekaa mwaka mzima na bado hamjashikamana.”

Msomaji, mimi sina la kuongeza. Mkononi katibu alikuwa bado ameshika kile kifuniko cha sufuria.